Ugumu wa kuzoea mashine ya hewa usingizini

Ugumu wa kuzoea mashine ya hewa usingizini ni hali ya mgonjwa wa apnea ya usingizi kushindwa kulala na mashine aliyoandikiwa na daktari, au kulala nayo saa chache tu kisha kuivua. Hii ndiyo sababu kubwa ya tiba hii kugonga mwamba. Mashine yenyewe, ikipangwa vizuri na kuvaliwa, huzuia pumzi isikatike kwa wagonjwa walio wengi sana. Kazi ipo kwenye kuivaa usiku kucha, kwa miaka.

Katika apnea ya kawaida, misuli ya koo hulegea mtu akisinzia, njia ya hewa ikajifunga na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo humshtua, anavuta hewa kwa mkoromo mkubwa, anasinzia tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Ugonjwa huanza kuhesabiwa pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 kwa saa. Kuanzia mara 30 huitwa mkali. Kusinzia mchana, hata kwenye usukani, na presha isiyosikia dawa huandamana nao. Mashine haimpi mgonjwa oksijeni. Huvuta hewa ya chumbani, huichuja na kuisukuma kwenye mpira hadi kwenye barakoa, kwa nguvu ambayo kwa kawaida huwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na hewa hiyo hulizuia koo lisijifunge.

Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia. Kabla yake, tiba ya uhakika kwa mgonjwa mahututi ilikuwa kumtoboa koo ili apumulie tunduni. Mwaka 1980 Sullivan alimjaribia hewa ya puani mgonjwa ambaye hakutaka kutobolewa, na mwaka 1981 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wagonjwa watano katika jarida la The Lancet. Barakoa za miaka ile zilifinyangwa kwa kufuata pua ya kila mgonjwa na kubandikwa kwa gundi ya silikoni kila usiku. Mashine zake zilikuwa nzito na zenye makelele. Watu walizivumilia kwa sababu mbadala wake ulikuwa kisu. Mgonjwa wa leo hana tishio hilo, na mara nyingi aliyemleta hospitali ni mwenzi wake aliyechoshwa na mkoromo. Hilo lazima lizingatiwe kabla ya kumwita mkaidi.

Kwa miaka ya mwanzo madaktari waliamini maneno ya wagonjwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mashine zilizofungwa vipimo bila wagonjwa kujua: wengi walisema wanaitumia kila usiku, kumbe waliofikisha angalau saa 4 kwa asilimia 70 ya siku walikuwa asilimia 46 tu. Kipimo hicho cha saa 4 ndicho bima ya serikali ya Marekani inachokitumia kuamua nani aendelee kulipiwa mashine. Ni rula ya malipo, na mgonjwa asiichukue kuwa dozi. Usingizi wa ndoto, ambao kwa wagonjwa wengi ndio wakati koo hufunga zaidi, hurundikana kuelekea alfajiri. Anayevua barakoa saa tisa usiku amekinga sehemu nyepesi ya usiku na kuiacha nzito. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 2,717 wa moyo au kiharusi, haukuona mashine ikipunguza mashambulizi mapya, lakini waliopewa mashine waliitumia wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Hata hivyo kusinzia mchana kulipungua na hisia za wagonjwa zikawa bora.

Malalamiko yenyewe yana visababishi vinavyoshikika. Kubwa ni kuvuja. Barakoa inatakiwa ijaribiwe mgonjwa akiwa amelala, hewa ikivuma kwa nguvu ya usiku, kwa sababu mashavu ya aliyelala hayakai kama ya aliyeketi. Hewa ikipulizia jichoni, wengi hukaza mikanda, na hapo ndipo mambo huharibika. Ukingo wa silikoni unaogusa ngozi hutakiwa kujaa hewa ndipo uzibe. Ukikandamizwa hukunjana, hewa huzidi kutoka, na asubuhi kuna kidonda juu ya pua. Kinachosaidia ni kulegeza mikanda, kuinua barakoa kidogo mashine ikiwa inavuma, kuiacha ijipange, kisha kukaza kwa kiasi tu.

Hofu ya kubanwa ni ya kweli na haitibiwi kwa kuhimizwa. Mgonjwa huanza mchana: aishike barakoa usoni kwa mkono bila mikanda, kisha aivae akitazama televisheni, kisha ajilaze nayo. Barakoa ndogo ya puani huvumilika zaidi kuliko ile ya kufunika pua na mdomo, ambayo pia huvuja zaidi. Pua iliyoziba itibiwe kwanza. Anayeamka koo limekauka huenda anaachama mdomo, au anahitaji chombo cha kutia hewa unyevu. Katika chumba chenye kiyoyozi unyevu huo hugeuka maji ndani ya mpira na kumrukia usoni. Mpira wenye joto hulimaliza tatizo hilo. Anayejaa gesi tumboni huenda amewekewa nguvu kubwa mno. Mashine nyingi za sasa huanza taratibu na kulegeza hewa mtu anapotoa pumzi.

Afrika Mashariki ina lake: umeme. Ukikatika, hewa safi huingia kupitia matundu na vali za barakoa, kwa hiyo mtu hakosi pumzi, ila apnea hurudi pale pale. Betri hudumu zaidi chombo cha unyevu kikizimwa, maana joto lake ndilo linalokula umeme mwingi. Mwenye chandarua apitishe mpira chini ya pindo lake na kulichomeka tena.

Wiki ya kwanza huamua mengi. Aliyeteseka siku za mwanzo bila msaada mara nyingi huiweka mashine kabatini na hasemi. Simu ya nesi siku ya tatu ina faida zaidi kuliko lawama za mwezi wa tatu. Kuna pia hofu zenye msingi: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitaka mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ingeweza kumeguka na kuvutwa na mgonjwa.

Asiyeiweza kabisa ana njia nyingine. Kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele hupunguza apnea kwa kiasi kidogo kuliko mashine, lakini huvaliwa saa nyingi zaidi. Wengine hukatika pumzi wakilala chali tu, na huwatosha kulala ubavu. Kichocheo cha neva ya ulimi, kinachopandikizwa kifuani, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2014, na Desemba 2024 nchi hiyo iliruhusu dawa ya tirzepatide kwa wenye unene na apnea ya kati au kali. Uzito ukishuka sana kwa njia yoyote, nguvu ya hewa hupimwa upya, kwani ile iliyofaa mwanzoni inaweza kuwa imezidi.