Safari ya Draiva

Mwanafunzi wa Malinya atazamapo katika kompyuta sinema ya mafahali wa kwao wakipigana, yuko tarishi asiyemwona: programu ndogo iitwayo draiva, ifikishayo amri za Windows kwenye sehemu ya michoro. Ikiharibika, mafahali huenda kwa kushtukashtuka, au kioo huwa cheusi.

Sehemu hiyo zamani ilikuwa mara nyingi kadi ya peke yake, yenye bei yake. Mwaka 1999 Intel iliiunganisha na chipu za ubao mkuu. Mwaka 2011 ikaitia ndani ya kichakataji chenyewe.

Windows Update ilianza mwaka 1998, lakini Kenya wakati huo ilitegemea setilaiti, tena kwa gharama kubwa. Draiva mara nyingi ilisafiri mfukoni mwa mtu, katika CD. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, nayo safari ikawa nyepesi.

Hata hivyo, tarishi hutumwa na bwana wake. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Intel haikuvihesabu vichakataji vyake vya mwaka 2011 miongoni mwa vile itakavyovihudumia humo. Miaka minne tu! Kwa shule inunuayo mashine kuukuu, huo ni ukatili. Mwenye mashine kama hiyo huihifadhi draiva yake ya mwisho katika CD, kama watu walivyofanya kabla ya waya kufika.