Bana

Bana ni kitenzi: kaza au songa kitu kisilegee. Katika kompyuta, kubana data ni kupunguza nafasi inayochukua. Kinyume chake ni kubanua. Maktaba ya zlib, iliyotolewa mwaka 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, hubana kwa kutafuta mifuatano inayojirudia ndani ya dirisha la baiti 32,768 zilizotangulia. Kwa mpangilio wa kawaida, kazi hiyo huhitaji kumbukumbu ya takriban kilobaiti 256. Kubanua huhitaji takriban 40. Lakini chipu ndogo ya STM32F103C8 ina kilobaiti 20 tu za kumbukumbu ya RAM. Ili maktaba ienee humo, dirisha hupunguzwa hadi baiti 1,024 na majedwali yake ya utafutaji hufupishwa. Data haibanwi sana, lakini kifaa hubana na kubanua.