Kambi Nyingine: Vijana wa Bujumbura na Watu Waliojitolea Kuwatoa Nje

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, popote ulipo, iwe Nyarugusu, Nduta, Nakivale, Kakuma au Lusenda, tunakusalimu. Karibu katika kipindi chetu cha historia. Na wewe unayewasomea wenzako karatasi hii katika kikundi cha wasikilizaji, karibu pia. Soma polepole, kila mtu asikie.

Leo tuanze na neno unalolitamka kila siku: kambi. Ukilisikia, unaona nini? Hema, kadi ya mgao, foleni ya maji. Lakini Kiswahili kinalitumia neno hilo hilo kwa mambo mengine. Mwanajeshi ana kambi yake. Na mtoto aliyekwenda kulala nje siku tatu na wenzake, wakapika kwa kuni na kuimba usiku, naye akirudi nyumbani anasema: nimetoka kambini. Kwake kambi ni furaha. Kwako ni mahali ulipofika kwa sababu hukuwa na pengine pa kwenda.

Je, kambi ya aina ya pili inaweza kumsaidia kijana aliyeumizwa na aina ya kwanza? Bujumbura walilijaribu jambo hilo, tena wakati mgumu kabisa. Tusikilize.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Agosti 1907, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Walikaa huko wiki moja hivi. Baadhi yao walisoma shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwachanganya katika vikundi vinne, wakajifunza kuwasha moto, kufunga kamba, kufuata nyayo na kumwokoa mtu aliye hatarini. Huo ukawa mwanzo wa skauti.

Tusimpambe mtu huyo kupita kiasi. Baden-Powell alipigana vita vya ukoloni hapa Afrika. Na skauti ilipofika katika makoloni haikuja na usawa. Afrika Kusini, kwa miaka mingi, wavulana Waafrika hawakuruhusiwa kuwa chama kimoja na Wazungu. Lakini wazo zuri likishatoka halina mwenyewe. Baden-Powell alifariki Nyeri, Kenya, mwezi wa Januari 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo. Burundi, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wabelgiji, skauti ilianza mwaka 1940. Baada ya uhuru wa 1962 ikaendelea mikononi mwa Warundi wenyewe, kwa nguvu ya watu wa kujitolea.

Shika neno hilo, kujitolea. Tutalirudia.

(Sauti ya maji ya ziwa. Inapotea.)

MTANGAZAJI: Kama unaijua Bujumbura, funga macho uione. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani. Mashariki kuna milima. Kaskazini-magharibi mto Rusizi unaingia ziwani, na viboko wanaota jua kwenye matope. Mji wenye ziwa, mlima na mto! Mtu angedhani kila kijana wake amekua akitembea huko.

Lakini kijana wa mtaa maskini anaweza kuishi karibu na ziwa na asipate siku moja ya kwenda kulitazama. Kuna maji ya kuchota, kuna wadogo wa kulea, kuna kibarua cha kutafuta. Halafu ikaja vita.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi michache baada ya kuchaguliwa. Nchi ikaingia katika mauaji na vita vya miaka mingi. Mjini, mitaa iliyokuwa na watu waliochanganyika ikaanza kugawanyika. Kufikia mwaka 1995 Kamenge na Kinama ilijulikana kama mitaa ya Wahutu, Ngagara na Nyakabiga kama mitaa ya Watutsi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulikuwa miongoni mwa michache iliyobaki na watu wa kila asili. Kwenda mtaa wa jirani kwa miguu kukawa kama kuvuka mpaka wa nchi bila kibali.

Na hapo ndipo vijana walipotafutwa sana. Makundi yenye silaha, upande huu na upande ule, yalijua kijana anataka nini. Yalimpa wenzake wa kutembea nao, jina, nyimbo, kiongozi wa kumfuata, na usiku wa kulala nje. Ukilitazama vizuri, ni karibu vitu vile vile anavyopewa skauti. Tofauti ni kile alichowekewa mkononi mwishoni.

Hata milima ikageuka. Kuanzia Septemba 1999 serikali iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 300,000 wa vijiji vinavyozunguka Bujumbura na kuwaweka katika kambi za kukusanywa pamoja. Nelson Mandela, msuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, alizipinga hadharani, na mwaka 2000 zikaanza kuvunjwa. Kijana wa wakati ule akitazama kilima hakuona mahali pa matembezi. Aliona mahali pa kujificha, au mahali pa kufungiwa.

Labda nawe unamjua mtoto wa namna hiyo. Ukimwambia twende porini, anatetemeka.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wamisionari Waksaveri, akiwemo padri Mwitalia Claudio Marano, walianzisha Kituo cha Vijana Kamenge. Kilikuwa cha vijana wa sehemu sita za kaskazini mwa mji: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. Vita vilikikuta kikiwa bado kichanga, na vilipigwa karibu na ukuta wake. Hakikufungwa moja kwa moja.

Ndani kulikuwa na maktaba, viwanja vya michezo, mafunzo na ngoma. Lakini kuna jambo moja linalotuhusu leo: kambi za kazi za likizo. Wakati wa kiangazi, vijana wa mitaa iliyokuwa ikiogopana walitoka pamoja, wakafyatua matofali na kusaidia kujenga nyumba za watu walioharibiwa makazi yao na vita.

Umewahi kufyatua matofali? Basi unajua. Mmoja anachota maji, mwingine anakanyaga udongo, wa tatu anajaza kibao, wa nne anabeba na kuanika. Huwezi kuifanya kazi hiyo huku umemgeuzia mwenzako mgongo. Hakuna aliyewaambia kwanza wapendane. Walipewa udongo, maji na jua kali, na nyumba ya mtu iliyopaswa kusimama kabla mvua haijarudi.

Mwaka 2002 Kituo cha Kamenge kilipewa Tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Sweden, kwa kuonyesha kwamba vijana wa asili tofauti wanaweza kujifunza kuishi pamoja hata baada ya vita vya kuuana.

Skauti nao hawakulala. Katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, vyama vya skauti vya Burundi, Rwanda na Kongo viliungana katika mradi ulioitwa Amahoro Amani. Amahoro ni amani kwa Kirundi na Kinyarwanda, na amani ni Kiswahili chetu. Vijana walifundishwa kuwa wasuluhishi katika jamii zao na kupinga chuki za kikabila. Wale wale ambao serikali na majeshi yalikuwa yakipigana juu ya vichwa vyao, walikaa pamoja.

(Kimya kifupi.)

MTANGAZAJI: Sasa nitakuambia ukweli, maana wewe si mtoto wa kudanganywa. Kambi hizo hazikuzuia kila baya. Mwaka 2015 machafuko yalirudi Bujumbura, na baadaye zaidi ya watu 400,000 wakawa wakimbizi nje ya Burundi. Huenda wewe ni mmoja wao. Matofali hayazuii risasi.

Lakini fikiria kijana aliyewahi kubeba maji na mwenzake wa mtaa wa pili. Siku anapoambiwa, wale ni nyoka, wote, anakumbuka jina la mmoja. Anakumbuka jinsi alivyocheka. Chuki inamtaka adui asiye na uso, na kijana huyu tayari ameuona uso. Hiyo ndiyo faida yake. Ni ndogo, lakini mzazi anayejua vita anajua uzito wake.

Basi wewe, hapo ulipo? Huna basi wala ziwa, na huenda sheria za kambi zinakuwekea mpaka wa kutembea. Usiuvunje. Watu wa Kamenge walianzia ndani ya hofu, kwa eneo dogo walilokuwa nalo. Uwanja mmoja unatosha, au kitalu cha miche, au asubuhi moja ya kuwafundisha watoto majina ya miti na ndege kwa lugha za nyumbani. Mzee anayejua miti hiyo yupo hapo kwenu, hana kazi, na hakuna aliyemwomba.

Mambo matatu tu uyashike. Wazazi wajue watoto wako wapi na wanarudi saa ngapi. Wasiwe kamwe na mtu mzima mmoja peke yake. Wawe wawili au zaidi, na viongozi wa kambi wapewe taarifa. Na wasichana wasiachwe nyuma kwa sababu ya ndoo ya maji: panga saa inayowafaa, au kaka zao wachote siku hiyo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Waliobeba silaha waliujua msemo huo. Tusiwaachie peke yao.

Swali la kujadili katika kikundi chenu: katika kambi yenu, ni vijana gani wasiotembeleana, na ni kazi gani ya mikono wanayoweza kuifanya pamoja kabla mvua hazijaanza?

Tukutane katika kipindi kijacho. Amahoro. Amani.

(Muziki wa kufungia kipindi.)