Youtiao na Doujiang: Historia ya Staftahi ya Mitaani China

Youtiao ni mkate mrefu wa ngano uliokaangwa katika mafuta mengi, wenye urefu wa sentimita 30 hivi, mkavu kwa nje na wazi kwa ndani. Tofauti na andazi, hautiwi sukari. Una chumvi kidogo tu. Doujiang ni maziwa ya soya: maharage hulowekwa usiku kucha, husagwa, huchujwa, kisha huchemshwa. Mgeni anayehamia Shanghai hukutana navyo mapema, kwa sababu vibanda na migahawa midogo ya mtaani huviuza tangu alfajiri.

Asili ya youtiao husimuliwa kwa hadithi ya Hangzhou ya mwaka 1142. Jemadari Yue Fei, aliyekuwa akipigana na Wajurcheni walioiteka China ya kaskazini, aliuawa kwa njama za waziri Qin Hui. Inasemekana muuza vitafunio mmoja, kwa uchungu, alifinyanga watu wawili wa unga, Qin Hui na mkewe, akawagandamiza pamoja na kuwatosa katika mafuta ya moto. Wakantoni mpaka leo huuita mkate huo yau ja gwai, yaani shetani wa kukaangwa. Sanamu za chuma za wawili hao bado zimepiga magoti mbele ya kaburi la Yue Fei, kando ya Ziwa la Magharibi. Hata hivyo, unga wa kukaanga una umri mkubwa kuliko kisa hicho: kitabu cha kilimo cha Jia Sixie, Qimin Yaoshu, cha karne ya 6, tayari kinaeleza upishi wake.

Kushikana kwa vipande viwili vya kinyunya vinavyounda youtiao mmoja kuna sababu ya jikoni pia, na ndiyo yenye nguvu zaidi. Mpishi hukata kinyunya vipande vyembamba, hukiweka kimoja juu ya kingine, kisha hukandamiza katikati kwa kijiti. Vikiingia karaini, pale vilipogusana hapapati mafuta, hivyo panabaki laini kwa muda. Mvuke na gesi ya magadi na shabu, vilivyochanganywa katika unga, hupata nafasi ya kuusukuma mkate ufure kabla ganda halijakauka. Kipande kimoja peke yake hukauka upesi na kubaki kidogo.

Soya ina hadithi yake. Ugunduzi wa tofu huhusishwa na mwanamfalme Liu An wa Huainan, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo. Maziwa yenyewe yalichelewa kuwa kinywaji cha kila siku, maana yasipochemka vya kutosha huvuruga tumbo. Kufikia mwaka 1866, Mfaransa Paul Champion aliandika kuhusu Wachina waliokwenda na vikombe vyao kwenye maduka ya tofu kuchukua maziwa ya moto ya asubuhi.

Shanghai ya karne ya 20 ndiyo iliyovifunga pamoja. Familia nyingi ziliishi kwenye nyumba za vichochoro, zikichangia jiko, na kuwasha makaa asubuhi kulikula muda na kujaza moshi. Kununua nje kulikuwa nafuu. Watu walitoka na chupa ya chai au sufuria ya kutilia doujiang, na kijiti cha kutungia youtiao kama mishikaki. Vitafunio vinne vikapata jina la walinzi wanne: youtiao, doujiang, mkate wa ufuta uitwao dabing, na cifan, wali wa kunata uliofungiwa youtiao ndani. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1993, vyakula vya nafaka vilinunuliwa kwa pesa pamoja na kuponi. Shanghai ilitoa kuponi ndogo ya nusu liang, yaani gramu 25, kipimo cha youtiao mmoja. Serikali kuchapa karatasi kwa ajili ya mkate mmoja wa asubuhi kunaonyesha jinsi watu wa jiji walivyouhitaji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China viliipeleka staftahi hii ng'ambo ya bahari. Baada ya mwaka 1949, wanajeshi na raia waliokimbilia Taiwan walianza kuuza walichokijua. Mwaka 1955 duka la doujiang lilifunguliwa Yonghe, jirani na Taipei, na jina la mtaa huo likageuka kuwa jina la staftahi yenyewe.

Kwa anayeionja mara ya kwanza, bakuli la doujiang ya chumvi ndilo linaloshangaza. Chini huwekwa siki, mchuzi wa soya, uduvi mkavu, achari na vitunguu majani. Doujiang ya moto ikimiminwa juu, siki huigandisha papo hapo kuwa mabonge laini, na vipande vya youtiao huanza kunywa mchuzi. Guangzhou, wanakofika wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki, mkate huohuo huchovywa katika uji wa mchele.

Katika miaka ya karibuni, hofu ya madini ya alumini yaliyomo katika shabu imewafanya wapishi wengi wahamie hamira ya unga isiyo na madini hayo. Wachuuzi wa barabarani wamepungua katika miji mikubwa, na kazi yao imechukuliwa na maduka yenye leseni. Vipande viwili bado hubanwa kwa kijiti kabla ya kuingia karaini.