Pampu na Kina cha Maduara ya Geita

Kabla Mjerumani yeyote hajaiandika dhahabu ya Geita kwenye ramani, watu wa nchi hiyo walikuwa wameshaujua ufundi wa kusukuma hewa. Walongo, wahunzi waliokuwa wakifanya kazi kati ya Uzinza, Geita na Biharamulo, waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo na kufua majembe yaliyowafikia Wasukuma na Wanyamwezi katika karne ya 19. Moto wa kuni peke yake hauyeyushi chuma. Unahitaji makaa na upepo usiokatika, na upepo huo ulitoka kwenye mivukuto.

Mvukuto wa kwao, kama ilivyo mingi ya eneo la Maziwa Makuu, ulikuwa bakuli lililofunikwa ngozi laini iliyolegezwa, na katikati ya ngozi kulifungwa kijiti. Mvukutaji alishika vijiti viwili vya mabakuli mawili, akapandisha kimoja huku akishusha kingine. Chombo hicho hakikuwa na vali. Ngozi ikivutwa juu, bakuli hunyonya hewa, na kama mdomo wake ungeunganishwa moja kwa moja na tanuri, ungenyonya moto na kuiunguza ngozi. Kwa hiyo mdomo wa bakuli uliachwa mbali kidogo na bomba la udongo lililoingia tanurini. Kwenye upenyo huo mdogo, hewa safi iliingia ngozi ilipopanda. Iliposhuka, pumzi yenye nguvu iliruka upenyo na kwenda kwenye makaa. Kazi ambayo kipande cha mpira au shaba hufanya ndani ya pampu za leo, Walongo waliifanya kwa kupanga vyombo viwili visigusane. Ni ufundi wa hali ya juu, na unastahili nafasi mwanzoni mwa historia ya uchimbaji wa nchi hii.

Dhahabu ya Geita ilitangazwa mwaka 1898, enzi ya Wajerumani, lakini uchimbaji mkubwa ulingoja Waingereza. Miaka ya 1930 kampuni ya Geita Gold Mining ilifungua mgodi wa chini ya ardhi, ambao ulitoa dhahabu hadi 1966. Katika miaka hiyo yote bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa wakia, tangu 1934, huku gharama za kuchimba zikipanda kila mwaka. Sehemu ya gharama hizo ni maji. Mgodi wa chini hauachi kutoa maji usiku, sikukuu wala wakati bei imeanguka, na siku pampu zinapozimwa maji huanza kupanda kurudi usawa wake wa zamani. Mgodi ukifungwa, mali iliyobaki chini huwa ya yule atakayeweza kuyatoa maji.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo simulizi nyingi za dhahabu ya Kanda ya Ziwa hulipita. Husimuliwa leseni, mikataba, wawekezaji, sheria ya 1979 iliyomfungulia mlango mchimbaji mdogo na ile ya 1998 iliyoyavutia makampuni makubwa. Yote hayo ni kweli. Lakini sheria haikuamua mtu mwenye sururu ashuke mita ngapi. Hilo liliamuliwa na maji, na kwa miaka mingi mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu aliishia pale yalipoanza kububujika. Aliyachota kwa ndoo na madumu, yakapandishwa kwa kamba. Masika yakiingia, aliliacha duara, yaani shimo lake, mpaka kiangazi.

Pampu ndogo za petroli zilipoenea, wengi walidhani tatizo limekwisha. Zilikuja na tatizo jingine, ambalo wachimbaji wa Ulaya walikutana nalo karne nne nyuma. Pampu iliyowekwa juu ya shimo haiyavuti maji kwa kweli: huondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Miaka ya 1640 Evangelista Torricelli, mwanafunzi wa Galileo, alieleza kwa nini pampu za Italia zilishindwa kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Geita iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, hivyo kikomo hushuka hadi mita 9 kwa hesabu ya vitabuni. Ukitoa msuguano na viungo vinavyovuja, hubaki mita 6 au 7. Fundi anaweza kununua injini kubwa mara tatu, maji yasipande hata shubiri moja zaidi.

Mwenye duara la mita 30 alibakiwa na njia ya hatari: kuishusha pampu yenyewe. Injini ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta huishiwa nguvu miguuni kabla hajajua kinachomtokea. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Injini ya petroli haina ruhusa ya kuingia shimoni, hata kwa dakika tano, hata ikiwa maji yamefika kiunoni.

Vali nayo ilikuwa na mafunzo yake. Chini kabisa ya bomba la kunyonyea hukaa chujio na vali ya njia moja: kifuniko kidogo kinachoinuka maji yakipanda na kujifunga yakitaka kurudi. Kazi yake ni kulishika bomba lijae, maana pampu iliyojaa hewa huzunguka bure. Maji ya duara yana mchanga wa mawe ya kwatzi yaliyovunjwa, na punje moja ikikaa kwenye ukingo wa kifuniko inatosha kukizuia kisifunge. Bomba hujimwaga taratibu usiku kucha. Asubuhi mtu hupiga kamba ya injini, moshi unatoka, maji hayatoki, na lawama humwangukia muuza pampu. Dawa yake ni ndoo ya maji ya kujazia, na mtu wa kwenda kuisafisha vali.

Umeme ndio uliobadilisha hesabu. Pampu ya kuzamisha hukaa ndani ya maji yenyewe na kuyasukuma kutoka chini, kwa hiyo kikomo cha Torricelli hakiihusu. Inachohitaji ni nguvu, na kila mita 10 za kupanda hudai shinikizo la baa moja. Katika duara la mita 60, bomba la inchi mbili lililojaa lina kilo 120 hivi za maji. Jenereta ikizimika ghafla, mzigo huo wote hurudi chini na kuzizungusha panga za pampu kinyume, isipokuwa kama kuna vali ya njia moja juu ya pampu. Katika vifaa vyote vinavyoshushwa, hiyo vali ni miongoni mwa vya bei ndogo, na ndiyo inayoachwa kwa kubana matumizi.

Pampu hazikuondoa hatari zote za shimoni. Oktoba 2015 mgodi wa Nyangarata wilayani Kahama uliporomoka, na wachimbaji waliofukiwa waliishi kwa kula mende, vyura na mizizi, wakinywa maji yaliyochuruzika. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017 watu 15 walinaswa katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Maji yaliua zaidi kwingineko: kwenye tanzanaiti ya Mirerani mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliwazamisha makumi ya watu waliokuwa chini mvua ilipoingia. Hakuna pampu ya dukani ambayo ingeshindana na mto ulioingia mdomoni mwa shimo. Kingo za kuyazuia maji juu zingeweza.

Upande wa Shinyanga, ardhi ileile ililia ukame. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, huosha mawe yake kwa maji mengi katika nchi ya mbuga na vumbi. Mji wa Shinyanga ulisubiri hadi mradi wa Ihelele, uliozinduliwa 2009, ndipo pampu kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria zikaanza kuyainua maji hadi kwenye matangi ya mlimani ili yateremke yenyewe kwenda Shinyanga na Kahama.

Siku hizi, Lwamgasa na Katente kuna vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), vilivyojengwa kumfundisha mchimbaji mdogo kuchenjua dhahabu kwa njia bora. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini la kuuzia anachopata. Maji ya shimoni bado ni mzigo wa mwenye duara na fundi wake, na mara nyingi ushauri pekee wanaoupata kuhusu pampu ni wa muuzaji. Vituo hivyo vingeweza kuongeza somo moja: kupima kina, kuhesabu baa, kuchagua bomba linalostahimili, kukagua vali kila wiki, na kuhakikisha injini inabaki juu.