Mama Aliyeambiwa Si Mtu, Akaishia Kwenye Noti ya Dola 50: Stori ya Janey Canuck wa Kanada

Siku hizi mama akiposti maisha yake ya kila siku, jikoni, watoto, safari, vituko vya majirani, watu wanamfuata kwa maelfu na makampuni yanamlipa. Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka 120. Hakuna simu, hakuna intaneti, na nchi yenyewe, Kanada, ndiyo kwanza ina miaka thelathini na kitu tangu iundwe mwaka 1867. Mke mmoja wa kasisi anaandika mambo hayo hayo kwenye karatasi, anayapeleka yachapwe, na mahali pa jina lake anaweka jina la kubuni: Janey Canuck.

Jina lenyewe lilikuwa na ujumbe. "Canuck" ni jina la mtaani la Mkanada, lile lile ambalo leo mashabiki wa hoki ya barafuni wanalijua kupitia timu ya Vancouver Canucks. Wachora katuni wa karne ya 19 walikuwa tayari na jamaa yao, Johnny Canuck, kijana shupavu aliyechorwa kuwakilisha nchi nzima mbele ya Uncle Sam wa Marekani na John Bull wa Uingereza. Kwa hiyo Kanada ilikuwa na sura, na sura hiyo ilikuwa ya mwanaume. Mama huyu akaamua kumpa Johnny dada.

Kwenye vyeti aliitwa Emily Murphy. Alizaliwa mwaka 1868 Cookstown, Ontario, kwenye familia yenye hela na yenye wanasheria na wanasiasa wa kutosha. Mwaka 1887, akiwa na miaka 19, akaolewa na kasisi wa Kianglikana, Arthur Murphy. Wakapata mabinti wanne. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kasisi akaenda kuhubiri Uingereza, na mama akafunga mizigo akafuata na watoto.

Huko ndiko Ukanada ulikomwingia kisawasawa. Nyumbani alikuwa mtu wa ukoo mzuri tu. Uingereza akajikuta anatazamwa kama mtu wa koloni, mshamba fulani kutoka kwenye theluji, na Wakanada wanasemwa vibaya mbele yake. Yeyote aliyewahi kuishi ughaibuni anaijua hali hiyo: nchi uliyokuwa huifikirii hata kidogo ukiwa kwenu, inageuka kitu cha kubishania ukiwa ugenini. Yeye akabisha kwa kalamu. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa kumbukumbu za safari hiyo, Janey Canuck akiwa nje ya nchi, akiwachunguza Waingereza kama wao walivyomchunguza yeye. Alikiona umaskini wa miji yao mikubwa na hakuuficha.

Kurudi Kanada hakukuwa na raha. Maradhi yaliingia nyumbani. Binti mmoja, Madeleine, alikuwa amefariki akiwa mchanga, na sasa Doris akachukuliwa na dondakoo akiwa bado mdogo. Chanjo ambayo leo mtoto wa Kariakoo au Kayole anachomwa kliniki bila mtu kuwaza mara mbili, wakati ule haikuwepo. Wakabaki mabinti wawili, Kathleen na Evelyn. Mwaka 1903 familia ikahamia mbali kabisa, Swan River, Manitoba, ambako mume aliingia kwenye biashara ya mbao.

Na hapo ndipo maandishi yake yalipopata nguvu. Swan River haikuwa Toronto. Ni matope, misitu, baridi ya kukausha pua, na walowezi kutoka kila upande, wakiwemo Doukhobor waliokimbia mateso ya kidini Urusi. Kitabu chake cha mwaka 1910, Janey Canuck in the West, kimejaa mambo madogo madogo ya huko: nani kafika, nani kajenga, watu wanasafiri vipi, wanakula nini, wanachekana kwa lipi. Kilisomwa sana. Wakanada wa mjini walikuwa wanajisoma wenyewe, au tuseme wanasoma walivyotaka kujiona: wagumu, wacheshi, wasio na makuu. Serikali hutunga wimbo na bendera (bendera ya jani la Kanada ilikuja mwaka 1965 tu), ila watu hujifunza kuitana "sisi" kwenye stori kama hizi za mama wa nyumba ya pili.

Mwaka 1907 wakahamia Edmonton, Alberta, na huko stori moja ikamtoa kwenye uandishi ikampeleka kwenye sheria. Mke wa mkulima mmoja, ambaye jina lake halikubaki kwenye stori, alifanya kazi shambani miaka na miaka. Siku moja mume akauza shamba, akachukua pesa, akaondoka. Mama na watoto nje. Sheria ikasema nini? Haikusema kitu, shamba lilikuwa la mume. Emily Murphy akaanza kuwasumbua wabunge wa jimbo kwa barua na hoja bila kupumzika, mpaka sheria za kuwalinda wake zikaanza kupita. Kufikia mwaka 1917 mwanaume wa Alberta hakuweza tena kuuza nyumba ya familia bila mke kuridhia. Hiyo ishu ya saini ya mke kwenye kuuza nyumba ya familia, ambayo hata huku kwetu inawatoa watu jasho, kule ilipiganiwa hivyo.

Mwaka 1916 ikaja ya mahakamani. Wanawake waliokwenda kusikiliza kesi ya wanawake walioshtakiwa kwa ukahaba walitolewa nje, eti ushahidi haufai kusikika mbele ya wanawake na wanaume pamoja. Murphy akaibana serikali ya jimbo: kama ni hivyo, basi wekeni mahakama ambayo hakimu ni mwanamke, awasikilize wanawake wenzake. Serikali ikasema sawa, utakuwa wewe. Akawa hakimu wa kwanza mwanamke katika himaya nzima ya Uingereza.

Siku yake ya kwanza kazini, wakili mmoja akasimama na kudai hakimu huyu hana uwezo wa kutoa hukumu yoyote, kwa sababu kisheria yeye si mtu. Si kwamba alikuwa anatukana. Alikuwa na hoja ya zamani ya sheria ya Kiingereza: mwanamke ni mtu likija suala la adhabu, ila likija suala la haki na vyeo, hapana. Yaani jela unaingia kama mtu, lakini kiti cha hakimu hukikalii.

Mahakama ya juu ya Alberta ikaimaliza hoja hiyo mwaka 1917, na namna ilivyoimaliza inauma kidogo. Kesi iliyofika huko ilikuwa ya Lizzie Cyr, mwanamke maskini wa Calgary aliyehukumiwa miezi sita ya kazi ngumu na hakimu mwingine mwanamke, Alice Jamieson. Wakili wake akajaribu kumnasua kwa kusema hakimu mwanamke si hakimu. Majaji wakakataa: wanawake wanaweza kushika nafasi hiyo. Ushindi mkubwa kwa wanawake wa Alberta, isipokuwa mmoja, Lizzie, ambaye adhabu yake ilibaki pale pale.

Murphy sasa akautaka Useneta. Katiba ya mwaka 1867 ilisema maseneta watateuliwa kutoka kwa "watu" wenye sifa, na mawaziri wakuu mmoja baada ya mwingine wakajificha nyuma ya neno hilo: mama, tungependa, lakini wewe si mtu. (Sehemu ya ubishi ilikuwa kwamba sheria ilitumia kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza. Kwa Kiswahili mawakili hao wangepata taabu, maana "yeye" wetu hana jinsia.) Murphy akagundua kifungu kinachoruhusu watu watano kuomba Mahakama Kuu itafsiri katiba. Agosti 1927 akawaita nyumbani kwake wenzake wanne: Nellie McClung, mwandishi na mama wa watoto watano, Henrietta Muir Edwards, Louise McKinney na Irene Parlby. Wakatia saini.

Aprili 24, 1928, Mahakama Kuu ya Kanada ikasema kwa kauli moja: hapana, wanawake si "watu" wa kuteuliwa Seneti. Wakakata rufaa London, kwa majaji wa Privy Council, baraza lile lile lililokuwa mwisho wa rufaa hata kwa makoloni kama Kenya. Oktoba 18, 1929, Lord Sankey akasoma hukumu: neno "watu" linawabeba wanawake na wanaume, na anayeuliza kwa nini liwabebe wanawake, aulizwe yeye kwa nini lisiwabebe.

Unadhani Murphy akawa seneta? Wapi. Februari 1930 kiti kikaenda kwa Cairine Wilson, mama wa watoto wanane na mwanachama wa Liberal, chama cha waziri mkuu. Murphy alikuwa mtu wa Conservative. Alifariki mwaka 1933 bila kuteuliwa. Na kuna kingine: Sheria ya Uraia wa Kanada ilianza kazi Januari 1, 1947. Kabla ya hapo Wakanada walikuwa raia wa mfalme wa Uingereza, na mwanamke aliyeolewa na mgeni alikuwa anapoteza hata huo. Janey Canuck mwenyewe alikufa kabla uraia wa nchi aliyoibeba jina haujawa na sheria yake.

Sifa zikaja baadaye. Sanamu za wale watano zikasimama Calgary mwaka 1999 na kwenye viwanja vya bunge Ottawa mwaka 2000. Mwaka 2004 wakawekwa kwenye noti ya dola 50. Mwaka 2009 wakapewa useneta wa heshima, wote wakiwa makaburini. Kama stori ingeishia hapa, ingekuwa tamu sana, na wengi huiishiza hapa.

Ila mama huyu aliendelea kuandika. Mwaka 1922 alitoa The Black Candle, kitabu kuhusu dawa za kulevya, na safari hii alitumia jina lake halisi. Ndani yake Wachina na watu weusi wanachorwa kama hatari kwa wazungu. Hakuwa peke yake, na huwezi kumtwisha yeye sera nzima ya nchi. Lakini mwaka uliofuata, 1923, Kanada ilifunga mlango kwa karibu wahamiaji wote wa Kichina, na mlango huo ulikaa umefungwa hadi 1947. Wanaume wengi wa Kichina waliokuwa wanafua nguo na kupika kwenye miji ya Kanada walibaki huko peke yao, wake na watoto wao China, robo karne. Kuhusu wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wenye ardhi kabla ya walowezi wote hao, waliosajiliwa chini ya sheria ya Wahindi Wekundu walipata kura ya kitaifa mwaka 1960, bila masharti ya kuacha hadhi yao. Neno "watu" la mwaka 1929 halikuwafikia kwa kasi ileile.

Zito zaidi ni hili. Mwaka 1928, mwaka ule ule Murphy alipoambiwa tena kuwa yeye si mtu, Alberta ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi wale walioitwa wenye akili pungufu. Murphy aliiunga mkono hadharani. McClung pia. Mwanamke aliyezika mabinti wawili, na ambaye jina lake lote lilijengwa juu ya maisha ya kifamilia, alikubali kwamba bodi fulani ikae mezani na kuamua nani asizae. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1972, na zaidi ya watu 2,800 walifungwa kizazi, wengi bila kuelezwa chochote.

Mmoja wao alikuwa Leilani Muir. Aliwekwa kwenye taasisi ya serikali Red Deer akiwa mtoto, na mwaka 1959, akiwa na miaka 14, akapelekwa chumba cha upasuaji. Aliambiwa wanamtoa kidole tumbo. Alikuja kujua ukweli akiwa mtu mzima, ameolewa, anahangaika kwa madaktari kutafuta mimba. Aliishtaki serikali ya Alberta, na mwaka 1996 akashinda na kulipwa karibu dola 740,000. Hakupata mtoto. Mwaka 2014, miaka miwili kabla ya kufariki, alitoa kitabu cha maisha yake, na kwenye jalada akaweka jina lake mwenyewe.