Kinga na Onyo katika Kanuni za Mashine

Katika tafsiri za kanuni za mashine, maneno kinga na onyo aghalabu hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Historia ya mashine ya kukatia majani yatuonyesha kuwa sivyo.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji. Wakati huo kiwango cha usalama wa mashine hizo kilikuwa cha hiari. Mwaka 1979 Tume ilitangaza kiwango cha lazima, ambacho sehemu yake kuu ilihusu mashine zilizoundwa baada ya tarehe 30 Juni, 1982. Kiliagiza kwamba kisu kizunguke tu wakati mtumiaji ameshikilia kidhibiti kilicho mpinini. Akikiachia, kisu kisimame katika muda usiozidi sekunde 3. Aidha, kiliagiza lebo ya hatari ibandikwe kwenye mashine.

Lebo ni onyo: humtegemea mtu aione, aielewe na aikumbuke. Kisu kinachosimama chenyewe ni kinga: humlinda hata aliyesahau.

Kwa hiyo twapendekeza kinga itumike kwa sehemu ya mashine izuiayo dhara, na onyo kwa maneno au picha ziarifuzo hatari. Mfasiri aandikaye «mtumiaji ajihadhari na kisu» mahali ambapo kanuni yasema «kisu kisimame», amemtwisha mnunuzi wajibu wa mtengenezaji. Na atakayeumia ni huyo mnunuzi.